Chanjo ya Watasema

Pigo la kwanza lilimpata mbwa ubavuni. Akageuka, akaling'ata rungu, na meno yake yakakwama kwenye mti.

"Kichwani, bwana! Unampiga au unamkuna?" Tobia alifoka, huku akiivuta kamba ya kitanzi kwa mikono miwili. Mbwa alikuwa akizunguka kwenye ncha ya kamba, akitimua vumbi nyuma ya ghala la kijiji.

Silvano alilichomoa rungu, akalipandisha juu ya bega kama alivyozoea kuipandisha nyundo ya kabari, akalishusha. Alikuwa mpasua mbao. Alijua gogo linavyolia likikataa kupasuka, na linavyonyamaza likikubali. Mbwa alinyamaza. Damu ilimtoka puani, ikachora mstari mwembamba vumbini, na mguu mmoja wa nyuma ukaendelea kukimbia peke yake kwa muda.

"Shingo tupu," Tobia alisema, akiugeuza mzoga kwa kidole cha mguu. "Sindano bure, kitambaa bure, yeye anazurura. Amejitakia."

"Ana doa kifuani?"

"Huyu ni wa kahawia, Silvano. Hata kipofu angeona."

"Nimekuuliza ana doa?"

"Hana."

Silvano alilifuta rungu kwenye majani, wakaenda kumtafuta mwingine.

Amri ilikuwa ya serikali ya kijiji, na kila nyumba iliisikia: mbwa wote wachanjwe asubuhi, kila aliyechanjwa avishwe kitambaa chekundu shingoni, na baada ya saa sita mchana atakayeonekana bila kitambaa auawe. Wanamgambo wengine waliikwepa kazi ile. Silvano aliiomba mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Wote walijua. Watu walipohamishwa kutoka kando ya msitu na kuwekwa kwenye nyumba za mstari, juu ya barabara ya Mlalo, walibeba milango, kuku na mawe ya kusagia. Mbwa wengi walikataa kuhama. Walirudi kulinda kuta zisizo na paa, wakaishi huko na mbweha. Msimu wa baridi uliopita mmoja wao alishuka, taya limelegea, akamkuta Secilia, binti wa pekee wa Silvano, njiani akimpelekea baba yake chakula cha mchana. Silvano alikuwa ndani ya shimo la kupasulia, chini ya gogo, unga wa mbao umemjaa machoni. Alisikia ukelele. Alipopanda juu mbwa alikuwa ameshaingia mibunini.

"Mweusi, baba. Kifuani ana doa jeupe," Secilia alisema, akiwa ameshika shavu la mguu. Kidonda kilikuwa kidogo. Walikiosha kwa maji ya chumvi, wakakifunga, kikapona vizuri. Ugonjwa ulikuja baadaye, kidonda kikiwa kovu tu, na hospitali waliwaambia ukweli: ukishaanza hauna dawa.

Akaomba maji. Hilo ndilo Silvano hakuweza kulisahau. Aliyaomba kwa adabu, kama mgeni, na mama yake, Efrazia, alipoyaleta koo lilimkaza, macho yakamtoka, akakipiga kikombe kikagonga ukuta. Mwishowe hata sauti ya maji yakimiminwa chumba cha pili ilitosha kumkunja mwili mzima. Walimfunga kitandani kwa kamba ya kuvutia magogo. Alikufa midomo imepasuka, akiwa bado anayaomba.

Asubuhi ile ya chanjo, mbwa walipangwa kutoka mlango wa ghala hadi kwenye mfereji. Wengine waliletwa kwa kamba za katani, wengine kwa maganda ya migomba, mmoja alibebwa mgongoni kama mtoto. Bwana mifugo, kijana wa Tanga aitwaye Mbaraka, alichemsha sindano zake juu ya jiko la mafuta ya taa. Silvano alikuwa akiwabana mbwa shingo, na sindano ilipotoka akawafunga kitambaa. Kila aliyefika mbele yake alimwinua miguu ya mbele, akamtazama kifuani.

"Unamtafuta yule aliyemuuma mtoto?" Mbaraka aliuliza, ameshusha sauti. "Nisamehe, kaka, lakini mbwa mwenye kichaa hamalizi wiki mbili. Yule alikufa zamani, kabla hata mtoto hajaanza kuugua."

"Umeuona mzoga wake?"

"Sijauona."

"Basi."

Silvano alikaza fundo mpaka mbwa aliyekuwa mikononi mwake akalia.

Ndipo akaja Mama Rahabu na Watasema wake. Alikuwa mjane, shamba lake liko juu kabisa, mahali msitu unapoanza, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kulala dunguni kulinda mahindi. Mbwa alikuwa na rangi ya majani makavu, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanwa na nguruwe mwitu. Jina alipewa na marehemu mumewe, siku majirani walipomcheka kwamba mtu asiye na mbuzi hata mmoja anafuga mbwa.

"Shikamoo, mama," Silvano alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akutie nguvu."

"Mama Rahabu!" Tobia alidakia. "Mbwa wako hali, au anafunga Kwaresima?"

"Anakula kwa adabu kuliko wewe. Ila tumbo lake la kizungu. Mafuta kidogo, anatapika. Maharage, anatapika. Hata maziwa yanamshinda. Uji mtupu uliopoa, ndiyo chakula chake."

"Basi huyo si wa shamba, mpelekeni Lushoto akawe bwana shauri!"

Watu walicheka. Mbaraka hakucheka. Alipiga magoti, akalipapasa tumbo la mbwa kwa vidole.

"Mama, wenye matumbo ya namna hii pengine sindano huwasumbua. Si wengi, lakini wapo. Anaweza kutapika, akatoka povu, akavimba uso. Leo usimpe chakula, mpe maji tu, umfunge karibu nawe. Akishindwa kupumua niite, nitakuwa kijiji cha pili."

"Na nikikataa asichomwe?"

Mbaraka alilitazama rungu lililoegemezwa ukutani. "Hapo, mama, si mimi wa kukujibu."

Mama Rahabu alishusha pumzi. "Mchomeni. Bila huyu nguruwe watanila mimi pamoja na mahindi yangu."

Silvano alimbana shingo. Sindano ilipokuwa inaingia, mbwa alinyoosha ulimi na kumlamba jasho la mkononi, taratibu, kama mtu anayesubiri zamu yake. Akamfunga kitambaa. Maneno ya bwana mifugo yote aliyasikia. Alikuwa amesimama karibu nao kuliko mtu yeyote.

Mchana walipiga mbwa nyuma ya shule, kwenye mibuni, chini ya daraja la miti. Mmoja walimtoa kwenye pango la mawe kwa moshi, akatoka na watoto wake watatu, na Tobia, aliyekuwa na mzaha tangu asubuhi, akasema anakwenda kujisaidia. Hakurudi mpaka kulipokuwa kimya. Shati la Silvano lilikakamaa kifuani. Hakumwona mweusi mwenye doa.

Alipita nyumbani kunawa. Efrazia alikuwa anahamisha maji kutoka kwenye debe kwenda mtungini. Alikuwa ameuinamisha mdomo wa debe ukagusa ukingo wa mtungi, na maji yalikuwa yakiteleza ukutani bila sauti hata kidogo. Hivyo ndivyo alivyoyamimina tangu siku zile.

"Mimina tu," Silvano alisema. "Hakuna mtu wa kushtuka."

"Nimezoea."

Akamletea maji kwenye karai. Yalibadilika rangi mara mikono ilipoingia. Efrazia aliyatazama.

"Ukiwamaliza wote, baba Secilia, kesho yake utamwua nani?"

Silvano alijifuta kwenye suruali. Kabla hajajibu, kelele zilisikika kutoka kwenye mfereji: sauti moja, kisha kumi.

"Kichaa! Kichaa!"

Alichukua rungu, akakimbia.

Watu walikuwa wamefanya nusu duara, na kila mtu alikuwa ameshika kitu: jembe, panga, jiwe. Katikati alikuwepo mbwa anayeyumba. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yakawa mistari miwili. Povu lilining'inia mdomoni kwa nyuzi ndefu. Alisimama, akajikunja, akatapika kitu cha njano, akapiga hatua tena kuelekea mferejini. Jiwe lilimpata begani, akaanguka, akainuka. Shingo yake ilikuwa tupu.

Mama Rahabu alikuwa anakuja mbio kutoka juu, kanga imemwanguka kichwani, ameshika kipande cha kamba kilichokatika.

"Ni sindano, jamani! Amechanjwa! Ni sindano!"

"Kitambaa kiko wapi?" mtu alimpigia kelele.

"Nimekifungua! Shingo ilivimba, kilikuwa kinamkaba!"

"Anamtetea! Na yeye atakuwa ameumwa!"

Watu walimpisha Silvano. Aliona povu, na hakuona kitu kingine. Aliliona lile lililokuwa midomoni mwa Secilia, na kanga ya Efrazia ikilifuta, na likirudi. Sikio lililochanwa alilijua. Rangi ya majani makavu aliijua. Maneno ya asubuhi yalikuwa mahali fulani kichwani mwake, madogo, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, na mikono yake haikuyangojea. Ilikuwa imeshapanda.

Pigo lilitua kiunoni. Kila mtu alisikia mfupa. Mbwa alitoa mlio mmoja mrefu, sehemu yake ya nyuma ikalala chini na haikuinuka tena.

"Kichwani!" Tobia alilia kutoka nyuma. "Kichwani, ummalize!"

Silvano alipandisha tena. Mama Rahabu alipita chini ya mikono ya watu, akajitupa juu ya mbwa, akainua mkono kukinga. Rungu lilikuwa linashuka tayari. Silvano alilivuta kando, lakini kitu kizito kikishaanza safari hakivutiki. Lilimpata kwenye kigasha cha mkono. Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiti cha kuwashia moto.

Mama Rahabu hakulia. Aliushika mkono kwa mkono mwingine, akauegemeza magotini, na hapo Silvano akakiona kitambaa. Mama alikuwa amekifunga kwenye kifundo cha mkono wake, mafundo mawili, ili kisipotee. Juu yake nyama ilikuwa inaanza kuvimba.

"Nilikifunga hapa," alisema, akihema, "ili akipona nimrudishie. Uliniona asubuhi, mwanangu. Wewe ndiye uliyembana shingo."

Mbwa alitoka chini ya tumbo la Mama Rahabu, akajikokota. Alijivuta kwa miguu ya mbele peke yake, kiuno kikimfuata nyuma kama mzigo. Watu walirudi hatua moja. Alifika ukingoni mwa mfereji, akateremsha kidevu.

Akanywa.

Ulimi wake mnene uligonga maji, ukapanda, ukagonga tena. Alikohoa, akatapika maji aliyoyanywa, akanywa mengine. Ilikuwa sauti ndogo na ya kawaida, ambayo mtu huisikia kila siku ya maisha yake asiigeukie. Silvano alisimama na rungu mkononi, akaisikiliza kwa mwili mzima. Usiku na mchana, kando ya kitanda chenye kamba, alikuwa ameingojea sauti ile, funda moja tu la maji lishuke kooni, na haikuja.

"Mbona anakunywa?" Tobia alinong'ona. "Silvano, mwenye kichaa si hanywi?"

Mtu mmoja aliweka jiwe lake chini, polepole, kana kwamba ni yai. Efrazia alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya wote, mkono mdomoni, macho yake hayakuwa kwa mbwa wala kwa mumewe, yalikuwa kwenye maji.

"Tobia," Silvano alisema. "Kamwite bwana mifugo. Kimbia. Halafu watu wa machela, kwa ajili ya mama."

Tobia alikimbia, kamba ya kitanzi ikiburuzika nyuma yake.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya msitu. Huko juu, kwenye bwawa la kugawia maji, mzee wa mfereji alikuwa amemaliza zamu ya siku, akalifunga. Maji yalianza kupungua. Yaliteremka kwenye kingo, yakaacha tope linalong'aa, na ulimi wa mbwa ukaanza kuyafuata chini, ukayakosa, ukalamba udongo.

Silvano aliingia mferejini. Alipiga magoti chini kidogo ya mahali alipolala mbwa, akalilaza rungu kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo. Akachota tope kwa mikono, akaziba chini yake na pembeni, akakandamiza, akachota tena. Damu ya siku nzima ililowa kwenye mti, ikatoka taratibu. Alilishikilia rungu kwa mikono yote miwili lisisukumwe. Maji yaliyobaki yalikuja, yakasimama, yakapanda, yakamfikia mbwa kidevuni.