Nyundo ya Pili ya Ukoo wa Ge

Miao Dechang alikuja asubuhi ya gulio la hekalu, makusudi, ili mji mzima wa Cangzhou upate cha kutazama. Na alikuja na ngazi. Juu ya lango la Ge Suqin kulikuwa na ubao wenye jina la chuo cha kupigana kwa nyundo, na kila mtu alijua ngazi ile imekuja kuuteremsha.

Suqin alimmiminia chai kwa sababu mgeni ni mgeni. Ila ilikuwa chai ya jana.

"Mkono wa kushoto, dada mdogo?" Miao akasema. Wote wawili walifunzwa na baba yake Suqin, ndiyo maana alimwita hivyo. "Hata adabu huna? Huo wa kulia unaufichia nini ndani ya nguo?"

"Kunywa useme kilichokuleta."

"Mwalimu amekufa bila mtoto wa kiume. Mwanafunzi wake mkubwa ni mimi. Chuo ni changu."

"Baba alikufukuza."

"Kwa hasira tu. Angeniita nirudi."

"Akuite akupige teke jingine?"

Watu langoni wakaangua kicheko. Miao alisimama, uso umemwiva, akaelekea uani zilikokaa nyundo mbili za ukoo juu ya kichanja, vichwa vyake mviringo kama matikiti, vimepakwa rangi ya dhahabu. Zamani vitani, wakati panga za askari wengine zilipokuwa zikiteleza juu ya deraya za wapanda farasi wa adui, babu mkuu wa akina Ge aliwaponda humo humo ndani ya chuma chao. Miao alilijua simulizi hilo tangu utotoni, lakini miaka yote ya mafunzo alishikishwa nyundo za mti tu. Hilo ndilo lililomchoma roho.

"Nikizinyanyua hizi mbele ya watu, utabisha tena?"

"Zote mbili," Suqin akasema. "Ukiweza, panda ngazi yako."

Miao alitanua miguu, akaikumbatia ya kushoto, akavuta kwa nguvu zake zote. Nusura aanguke chali. Nyundo ilikuwa tupu ndani! Aliigonga kwa kidole, ikalia kama sufuria.

"Debe!" akapiga kelele. "Jamani, akina Ge wametutisha kwa debe!"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kibaya. Muuza mikate ya nyama ya punda, aliyekula sikukuu zote nyumbani humo, alicheka kuliko wote. Suqin aliwachukia mmoja mmoja.

"Ya pili ishike kwa mikono miwili," akasema.

"Mikono miwili kwa debe?"

"Nimekuambia, Miao."

"Na mimi nimekusikia." Akaikamata mpini kwa mkono mmoja, akaichomoa kichanjani kama mtu anayechukua birika, huku amewageukia watazamaji.

Kichwa cha nyundo kilishuka na mkono wake. Mfupa ulisikika ukivunjika hadi langoni. Miao alipiga magoti akilia, na hakuna aliyecheka tena.

Suqin alimkaribia bila haraka, akaukunja mkono wa kulia wa nguo yake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda vibaya, kimeunga upande.

"Nyepesi inatangulia, adui anadharau, nzito inafuata. Hilo ndilo somo ulilokuwa unalililia. Mimi nilipewa nikiwa mtoto mdogo. Baba alinipa ile nyepesi nicheze nayo, nikafurahi, kisha akaniambia nimletee ya pili. Akakaa kimya ananitazama." Alisema kwa hasira, na hakumkasirikia Miao peke yake. "Wewe angalau umeonywa."

Aliiokota nyundo nzito kwa mkono wake wa kushoto, akairudisha mahali pake.

"Ulitaka kuhesabiwa mtoto wa nyumba hii, kaka. Haya, umeshahesabiwa. Sasa toka. Na ngazi yako uibebe mwenyewe."

Miao aliitazama ngazi, akautazama mkono wake. Watu walimpisha njia, lakini hakuna aliyemsaidia kuibeba.