Ngoma za Ordinateri

Noella alikuwa na sauti ambayo watu wa mtaa wa Kimanga waliijua hata bila kumwona. Akifua nguo uani huku akiimba, majirani walipunguza redio zao. Alifundisha darasa la pili katika shule ya msingi, Jumapili akaimba katika kwaya, na kwa miaka mingi alibeba wimbo mmoja ambao hakuwahi kuuimba mbele ya watu. Ulikuwa wimbo wa kumkumbuka mama yake. Mama huyo aliugua kijijini kwao milimani, wanaume wakamweka kwenye kipoyi, kitanda cha miti kinachobebwa mabegani, waende naye hospitali ya Lemera. Hakufika. Noella alikuwa msichana mdogo na alitembea nyuma ya wabebaji njia nzima.

Aliyemwezesha kuurekodi wimbo huo ni Shimwa.

Shimwa alikuwa Munyamulenge, binti wa wafugaji wa kule juu kwenye Plateau, nyanda za milimani, ambako vita vilikuwa vimewatawanya watu wa kila kabila. Aliishi Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, kwa shangazi yake Mama Béatrice, akisoma mambo ya ordinateri, yaani kompyuta, katika chuo kimoja cha mjini. Walijuana siku Noella alipompelekea mashine yake iliyokataa kuwaka. Shimwa aliitengeneza, na katika kuijaribu akakuta humo sauti ya mwanamke akiimba peke yake, bila chombo chochote. Aliisikiliza mpaka mwisho, akairudia. Noella alipokuja kuchukua mashine yake, Shimwa alimwuliza kwa aibu kidogo kama angependa kuwekewa programu ya kupiga ngoma.

Basi Jumapili baada ya ibada wakawa wanakutana chumbani kwa Noella. Walitundika blanketi dirishani ili kuzima kelele za pikipiki, wakafunga mikro, kile kinasa sauti, kwenye mpini wa ufagio ulioegemezwa kitandani. Umeme ukikatika, waliendelea mpaka mashine inapoishiwa nguvu, kisha wakala ndakala, dagaa wa ziwani, na bugali, wakangoja. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na picha ya ngoma kamili: ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo yenye mlio mkavu, sahani za shaba. Chini ya picha ilijipanga miraba midogo. Ukigusa mraba, ngoma inalia mahali pake, na hutahitaji mpigaji wala fimbo.

Mwanzoni hawakufanikiwa. Midundo ilitoka safi, mmoja baada ya mwingine, lakini usafi wenyewe ndio ulioharibu kila kitu. Noella aliimba mstari mmoja akaacha. Alisema hawezi kutembea na ngoma kama hizo, ni kama kufuatana na saa ya ukutani.

Shimwa hakubishana. Alimwuliza walikuwa wabebaji wangapi, na njia ilikuwa ya namna gani. Noella akamweleza: wanaume wanne, njia nyembamba, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Shimwa akaitikia kwa kichwa. Kule kwao pia wagonjwa hubebwa vilevile, akasema. Yeye mwenyewe aliwahi kutembea nyuma ya mdogo wake aliyekuwa na homa, na siku ile macho yake hayakuona kitu kingine ila miguu ya waliombeba. Akafuta ngoma zote, akabakiza ile kubwa tu, na kuipunguza mpaka ikasikika kama kisigino kwenye udongo uliolowa. Akaweka mapigo manne. Kisha pigo la nne akalishika kwa kipanya, akalivuta nje ya mraba wake, nyuma kidogo, kiasi ambacho jicho halioni.

"Mutu wa nyuma anachelewa siku zote," alisema. "Mulima unamuvuta."

Noella aliposikia, alikaa chini kitandani. Halafu akasimama mbele ya ule ufagio, akaimba wimbo wote bila kukatiza. Baada ya hapo hawakubadilisha kitu. Shimwa alikuwa akimwita "yaya" tangu mwanzo, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, lakini tangu siku ile neno hilo lilikuwa na uzito mwingine masikioni mwa Noella.

Wimbo ulitoka chumbani ukaenda zake. Ulipita simu kwa simu, madereva wa pikipiki wakaupeleka Kalundu, wachuuzi wakauvusha mpaka Bujumbura, na mtu akamwambia Noella kwamba kule Makobola wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu waliuimba wote pamoja. Ndipo redio moja ya mjini ikamwalika.

Mwezi ule habari za Plateau zilikuwa mbaya. Vijiji vilichomwa, watu walishuka na mizigo vichwani, na mjini watu wa kabila la Shimwa walitazamwa kana kwamba kila mmoja wao ameshika kiberiti kwa mkono wake. Bertrand, mkuu wa kwaya ya Noella, alikuwa ametoka kumzika mdogo wake aliyeuawa huko juu. Alikuwa mtu mpole, aliyemtunza Noella kama binti yake tangu alipoingia kwaya, na siku ya redio alivaa koti lake la ibada akamsindikiza. Akaketi studio, kando yake.

Mtangazaji, Térence, alipiga wimbo mzima. Ulipokwisha akauliza ni nani aliyepiga ngoma ile, maana alipoisikia aliona watu wakitembea.

Noella alifungua kinywa. Jina lilikuwa palepale ulimini. Akamwona Bertrand ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, kitambaa cheusi cha msiba bado kimeshonewa begani.

"Hakuna mutu," alisema. "Iko ordinateri tu."

Térence akacheka, akasema kweli mashine za siku hizi zina roho. Bertrand pia akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mazungumzo yakaendelea kwa mambo ya kwaya na sala, na Noella akajibu kila kitu vizuri. Njiani kurudi alijiambia kwamba hakudanganya. Ngoma zilitoka kwenye ordinateri, nani asiyejua? Alijiambia hivyo mpaka mlangoni kwake, na tangu hapo hakuweza tena kujiambia.

Jumapili Shimwa alikuja kama kawaida. Alisalimia, akauliza habari za wanafunzi, akawasha mashine. Walikuwa wameanza wimbo wa pili. Noella alimtazama akijaza miraba, mmoja, mwingine, mwingine, mpaka mstari ukajaa, kila pigo limekaa katikati ya kisanduku chake. Akangoja ayasogeze. Shimwa hakusogeza hata moja. Akabonyeza, ngoma zikalia kavu na sawa, kama siku ile ya kwanza. Noella akamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini ameziacha hivyo.

"Si iko ordinateri ndiyo inapiga, yaya?"

Alisema bila hasira, macho kwenye kioo. Noella alitamani angemtukana. Alijua hapo kwamba kule Kavimvira, Shimwa na shangazi yake walikuwa wameketi na redio katikati yao, pengine wamewaita majirani, wakingoja jina. Hakuomba msamaha. Aliona haya hata ya kuanza, akatoka nje kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni. Aliporudi Shimwa alikuwa amekunja waya za mikro vizuri, akaaga kwamba ana mtihani.

Jumapili iliyofuata hakuja.

Tangu hapo Noella alikosa raha. Darasani alifuta ubao kabla watoto hawajamaliza kunakili. Kwenye kwaya, Bertrand alipomsifu, alihisi kama anavaa nguo ya mtu. Mahali popote wimbo ulipochezwa, na ulichezwa kila mahali, alikuwa hasikii tena sauti yake wala mama yake. Alisikia lile pigo la nne likichelewa, na maneno yake mwenyewe: hakuna mtu.

Redio ikamwalika tena, safari hii kwa kipindi cha wasikilizaji. Noella alikwenda peke yake. Usiku kucha alikuwa amepanga la kusema, na Térence hakumaliza hata kumkaribisha. Noella alisema mara ya kwanza alidanganya. Akasema aliyepiga ngoma ni msichana anayeitwa Shimwa, Munyamulenge, anayekaa Kavimvira kwa shangazi yake Béatrice, na kwamba bila msichana huyo wimbo usingekuwepo. Akasema ni mdogo wake kabisa, kama waliotoka tumbo moja. Alilia hewani. Térence akaweka muziki.

Noella alitembea kwenda nyumbani kwa miguu, na mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mtungi. Alimpigia Shimwa simu, haikupokelewa. Alidhani analia kwa furaha. Baadaye alipokumbuka kwamba alidhani hivyo, uso ulimwaka moto.

Kesho yake mchana, mwalimu mwenzake ambaye mumewe alibadilisha fedha mpakani akamwambia kuna fujo kidogo Kavimvira. Noella aliwaachia watoto kazi ya kuchora, akapanda pikipiki. Alipofika hapakuwa na fujo tena. Kulikuwa na uwanja wenye mawe machache yasiyo ya pale, na bati la nyumba limebonyea pembeni. Vijana walikuwa wamekuja asubuhi kuuliza ni yupi huyo wa redio. Hawakumgusa mtu. Waliuliza tu, wakarusha mawe, wakaondoka wakisema watarudi. Mwenye nyumba, ambaye miaka yote hakuwahi kuwa na neno nao, aliwaomba kwa upole waondoke kabla nyumba yake haijachomwa.

Mama Béatrice alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Alimwona Noella, akaendelea kufunga. Shimwa alitoka ndani na sufuria zimepangwa moja ndani ya nyingine. Noella alianza kusema kwamba alitaka kutengeneza, kwamba alishindwa kuishi na lile neno, kwamba aliona lazima watu wajue.

Shimwa alimsubiri amalize.

"Uliniuliza?"

Noella akatikisa kichwa: hapana.

"Siku ile ya kwanza nilisikia uchungu, siwezi kukuficha. Nililia. Halafu shangazi akaniambia, acha, pengine amekulinda. Nikaanza kukubali. Nilikuwa ninataka kurudi kwako, yaya." Aliweka sufuria chini taratibu, zisipige kelele. "Mara ya kwanza ulinificha kwa ajili ya weye mwenyewe. Na mara hii umenitaja kwa ajili ya weye mwenyewe. Miye niko wapi?"

Noella alichukua godoro kichwani kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, akalibeba mpaka kwenye kizuizi cha mpaka. Mama Béatrice alitembea mbele bila kugeuka. Pale kwenye kizuizi Noella hakuwa na karatasi ya kuvukia, hivyo kijana wa mkokoteni akampokea godoro. Shimwa alimwambia asante, kama unavyomwambia mtu yeyote aliyekusaidia mzigo.

Bertrand naye alimwita. Noella alidhani atamfukuza kwaya. Mzee huyo alimwuliza tu kwa nini alificha siku ile. Noella akasema alimwonea huruma kwa msiba wake. Bertrand alisema msiba ni wake, hakumtuma mtu autumie. Akaondoka kwenda zake, na baada ya hapo alikuwa akimsalimia kwa heshima na si zaidi.

Mvua zilikuwa zimekwisha wakati ujumbe ulipoingia kwenye simu yake kutoka Bujumbura. Shimwa hakusalimia. Aliandika tu kwamba, kama bado ana sauti ya wimbo wa pili, amtumie ikiwa peke yake, bila ngoma. Noella aliituma siku hiyohiyo, akilaani mtandao uliokuwa ukikatika. Siku kadhaa baadaye faili ikarudi. Ngoma zilikuwa nzuri. Hazikuwa ngoma za huruma wala za kujipendekeza; zilikuwa kazi ya mtu anayeijua kazi yake.

Noella alimwuliza, kwa ujumbe alioufuta na kuuandika upya mara nyingi, aseme nini watu wakiuliza nani amepiga.

"Usiseme jina," Shimwa akajibu. "Na usiseme ordinateri."

Hivyo Noella akiulizwa hujibu kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo hajampa ruhusa ya kumtaja. Wengine huona anaringa. Wapo waliokumbuka kipindi cha redio ambao hunong'ona na kumtazama, naye huvumilia kutazamwa. Nyimbo zimefika tatu sasa, zote zimetengenezwa kwa kutumiana faili, yeye huku, Shimwa kule.

Mara moja alipata karatasi ya kuvukia, akaenda Bujumbura kuwaona. Ni nyumba ndogo yenye ua wa saruji, mbali na ziwa. Shimwa alimpokea vizuri, akachemsha chai ya maziwa, akamwonyesha kibodi aliyoipata yenye vidude vya mpira unavyopiga kwa vidole. Waliongea habari za masomo, na za bei ya vitu, wakacheka mara mbili. Muda wote Mama Béatrice alikuwa chumba cha ndani. Noella alimsikia akisogeza vitu, akikohoa. Alikunywa chai yake polepole, akaomba kikombe cha pili, ili ampe mama yule nafasi ya kutoka. Pazia la mlango halikutikisika. Jua lilipoanza kushuka ikabidi aage, kizuizi kisije kufungwa kabla hajavuka.