Nani Amechinja?

Kwa miaka mitatu Mzee Faraj hakukanyaga nyumba ya binti yake Mona, ingawa wote wawili walikaa Kibokoni, na harufu ya jikoni kwa mmoja ilifika barazani kwa mwenziwe. Mona alikuwa ameolewa na Fondo, dereva wa lori huko Shimanzi, Muislamu wa Kaloleni ambaye nusu ya jamaa zake ni Wakristo.

"Kwao utalishwa kibudu, nyama isiyochinjwa kisheria, na wala hutajua," mzee alisema siku ya posa. Hakulirudia neno hilo. Hakuja tu.

Ijumaa hii alikubali kuja kula, baada ya Fondo kumwandama kwa salamu msikitini mpaka akachoka kumkwepa. Mona alijua la kupika: kuku wa kukaanga wa marehemu mamake, mkali na mtamu.

Fondo alikusudia kumchinja kuku alfajiri, lakini aliitwa kazini mapema, akatoka mbio. Kuku akabaki amefungwa kwenye mguu wa meza. Kwa kina Mona mwanamke hachinji; husimama mlangoni akamwita mwanamume apitaye. Aliyepita alikuwa muuza maji, mkokoteni mbele, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani.

"Kaka, nichinjie kuku, nina wageni."

"Haya, mama. Kisu chakata?"

"Chakata kuliko ulimi wa wifi yangu."

Akacheka, akamwelekeza kuku kibla, akasema bismillahi, akachinja.

Mona alivipaka vipande thomu, tangawizi na pilipili, akavivingirisha kwenye unga wa mchele. Alivikaanga mara mbili: kwanza viive, kisha mafuta yakiwa makali zaidi, vikauke mpaka vilie vikigongwa na mwiko. Kando, sukari guru ilikuwa ikiyeyuka pamoja na ukwaju na pilipili nyekundu, ikawa nzito kama asali. Akavitia humo vikiwa bado moto, akavigeuza polepole mpaka vikang'aa.

Muuza maji aliporudi kuchukua mitungi mitupu, Mona alimwekea vipande viwili sahanini.

"Nifungie, mama, nimpelekee Zilpah wangu. Leo ashinda kanisani na kina mama wenziwe."

"Kanisani?"

"Ndiyo. Sisi twasali Tudor." Alipouona uso wa Mona, sauti yake ikashuka. "Nilidhani wajua, mama. Mtaa mzima wanijua, Levi wa maji."

"Na ile bismillahi?"

"Tajiri wangu wa zamani alikuwa akisema hivyo. Nikaona ndiyo adabu ya nyumba."

Mona hakupata la kumlaumu. Wako wasemao kuku wa namna hii aliwa, wako wasemao haliwi, na babake alikuwa miongoni mwa hawa wa pili. Alikuwa bado ameushika mwiko aliposikia hodi. Fondo na mzee walikuwa wametoka msikitini pamoja, na Fondo alikuwa akicheka.

Alimwita mumewe jikoni kwa jicho. Fondo hakuliona. Alikuwa akimtandikia mzee mkeka, akamvutia na sinia lililokuwa limekwisha andaliwa.

Mzee akavuta pumzi. "Harufu hii ni ya mamako," akasema. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila alipokula nje ya kwake: "Nani amechinja?"

"Mimi, baba," Fondo akasema upesi, kwa heshima, kama mtu ampaye mgeni mto wa kuegemea.

Mona akasimama mlangoni mwa jiko. Akisema, mumewe ni muongo. Asiposema, babake anakula. Mzee akashika paja, sukari ikamnata vidoleni. Akalipeleka kinywani.

"Baba, usile."

Mkono ukasita. Mzee alimtazama bintiye. Akalirudisha paja siniani taratibu, akamgeukia Fondo.

"Kwani, mwanangu, umemchinja vipi?"

Fondo akamtazama mkewe. Mzee akabaki ameinua vidole vyake vitamu hewani, asijue avipanguse wapi.