Ratili Themanini za Bwana Wittlage

Kaka yangu Methusela hakurudi kutoka Ihumwa Jumanne ile, mwaka reli ilipofika Dodoma. Asubuhi nilikuwa nimempelekea ugali wa uwele na mlenda kisimani, alikochochea moto wa mtambo wa kuvuta maji ya wajenzi wa reli.

Mtambo ulikuwa wa Kiingereza, umechakaa, umenunuliwa Mombasa. Kibao chake kilionya kuwa mvuke usizidi ratili themanini kwa kila inchi ya mraba. Saa ya kupimia mvuke ilikuwa mpya, ya Kijerumani. Yenyewe ilihesabu kilo kwa kila sentimita ya mraba, na iliishia kumi na mbili. Katikati alisimama Bwana Wittlage, mwenye kisima, na penseli yake.

"Ratili ni nusu kilo," alisema. "Themanini ni kilo arobaini. Inchi ni sentimita mbili na nusu. Nagawanya. Kumi na sita!"

"Bwana, saa inaishia kumi na mbili," Methusela alisema.

"Saa imetengenezwa na waoga."

Methusela alichuchumaa, akachora mraba mchangani. "Ngozi ya kulalia haipimwi upande mmoja, Bwana. Kuna upana na kuna urefu. Inchi moja ya mraba inameza sentimita za mraba sita na nusu hivi. Na ratili ya Waingereza haifiki nusu kilo. Tulifundishwa misheni, Mvumi. Jibu ni tano na nusu."

"Waingereza wamekufundisha kuimba, sasa unanifundisha hesabu? Neno moja tena, viboko hamsa ishirini!"

Nilicheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Bwana alikuwa amesimama juu ya jibu, buti zake zimelifuta.

Saa iliposoma tano na nusu, kizibo cha usalama kikaanza kupiga mluzi. Mtambo nao ulikuwa umesoma Mvumi. Bwana Wittlage alining'iniza kipande cha reli kwenye mkono wa kizibo, kikanyamaza. Akaridhika, akaenda kunywa kahawa. Nyumba yake ilikuwa mbali.

"Ruthu, chukua kibuyu urudi nyumbani," kaka alisema. "Pitia kule, usiusogelee mtambo."

"Na wewe je?"

"Nikiondoka atanifunga. Nitachochea polepole. Pengine atarudi na akili."

Sikufika mbali. Ardhi ilitikisika chini ya miguu yangu, na nilipogeuka hapakuwa na bomba la moshi.

Tulizika tulichokipata. Tulikifunga kwa ngozi yake ya kulalia, ile aliyoizoea tangu ujana. Ilikuwa kubwa mno.

Bwana Wittlage aliandika barua bomani. Karani alinisomea: mchochezi hakujua hesabu.

Mtambo mwingine umefika Ihumwa, wa Kiingereza pia, wenye kibao kama kile. Kwenye saa yake kumechorwa mstari mwekundu, penye tano na nusu.