Karatasi Nyekundu kwenye Kioo cha Kushoto

Eusebio Tarango hakuwa na kipande cha sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya haragwe. Daktari wa ngozi alikikata mwezi wa tatu. Hakuwa na banda la kuegesha gari. Hakuwa na mtu wa kumpokea usukani. Hakuwa na subira na wajinga, na hiyo aliikosa tangu ujana. Na katika mtaa wao wote pale Buckeye, magharibi ya jiji la Phoenix, yeye peke yake hakuwa na tinti, ile plastiki ya kubandika, kwenye vioo vya gari.

Hilo la mwisho lilikuwa fahari yake. Alikuwa fundi wa viyoyozi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo alisoma shule ya usiku mihula sita, akajifunza joto linavyosafiri na mwanga unavyovunjika. Tinti aliiona pambo la watu wanaotaka kuonekana wanaficha jambo, nao hawana hata hilo jambo.

Lakini daktari alimwambia bila kupepesa macho, "Bwana Tarango, saratani hii imeingilia dirishani. Kioo cha mbele cha gari kina utando ndani yake, kinazuia miale mibaya. Cha pembeni hakina. Weka tinti upande wako, la sivyo acha kuendesha mchana. Ikirudi, safari ijayo nitakata karibu na jicho."

Kuacha kuendesha hakukuwezekana. Mara tatu kwa wiki Eusebio alimpeleka mkewe, Delfina, kwenye kliniki ya kusafishwa damu upande wa mashariki. Walitoka saa kumi na nusu alfajiri, giza likiwa bado limekaa, na kurudi saa nne, jua likimpiga shavu la kushoto njia nzima. Wakati kidonda cha sikio kilipokuwa kinapona, Delfina alipanda basi dogo la wagonjwa kwa wiki tatu. Basi lile lilizunguka kuwashusha watu saba, yeye wa mwisho. Alifika nyumbani saa nane mchana, uso umekuwa wa majivu, akatapika kwenye beseni mlangoni.

"Figo hazijaniua," alimwambia mumewe. "Basi lile litamalizia kazi."

Kwa hiyo tinti ilibidi.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa Chano, mdogo wake Delfina, mwenye pikapu iliyozibwa vioo vyeusi tii. Alifika akiwa ameegemeza kiwiko dirishani kama mtu anayepigwa picha.

"Shemeji, weka kama yangu. Asilimia tano tu ya mwanga inapita. Nikiwa ndani, hata polisi hajui kama nipo."

"Na ukiwa nje, nani anakutafuta?"

Chano alicheka. Alikuwa na kipaji cha kutojua anapotukanwa.

Kwenye duka la tinti walipokewa na Lindqvist, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu ambao Eusebio alitamani angeutumia kwenye elimu. Juu ya meza palikuwa na boksi lenye taa nyekundu, na mbele yake vipande vya tinti vimepangwa.

"Weka mkono hapa, mzee. Unaungua, sivyo? Sasa weka nyuma ya hii. Unasikia tofauti?"

"Nasikia taa ya kulelea vifaranga."

"Hii ni teknolojia, mzee."

"Ni taa ya vifaranga. Nimefunga mitambo ya baridi kwenye mabanda ya kuku kabla mama yako hajakufikiria. Taa hii inatoa aina moja ya miale, nawe umechagua plastiki inayozuia aina hiyohiyo. Jua letu haliishi ndani ya boksi."

Lindqvist alizima taa bila kinyongo. "Basi unataka ipi?"

Na hapo Eusebio Tarango, mwanafunzi wa mihula sita, alifanya kosa ambalo kila mtu wa jangwani hulifanya. Huko giza maana yake kivuli, na kivuli maana yake uhai. Alipokuwa mtoto, mama yake alitundika mablanketi madirishani kila kiangazi, na nyumba yenye giza kuliko zote ndiyo iliyosifiwa. Alisema, "Nipe nyeusi kuliko zote."

"Vioo vya mbele vya pembeni, sheria ya Arizona inataka theluthi ya mwanga ipite. Ukitaka giza zaidi ya hapo, lete fomu ya daktari uombe ruhusa."

Daktari aliisaini fomu kwa dakika moja. Ilikuwa imekaa juu ya friji, inangoja kutumwa, Delfina alipomuuliza, "Viatu unavijaribu kabla ya kununua, sivyo? Kajaribu pikapu ya Chano. Saa yetu ileile."

Siku ya pili, saa kumi na nusu alfajiri, Eusebio alishika usukani wa ile pikapu, Chano pembeni akipiga miayo. Walifika kwenye njia panda ya mashamba ya majani ya ng'ombe. Eusebio aliangalia kushoto. Aliona mzee mwenye sikio lililokatwa akimkodolea macho. Ilikuwa sura yake mwenyewe kiooni, na nyuma yake hakuna kitu. Akaondoa gari.

Kofi lilitua kwenye boneti kama mlio wa bunduki. Mbele ya taa alisimama mmwagiliaji wa mashamba, koleo begani, buti za mpira zimejaa matope, hatua mbili kutoka kwenye bampa.

"Umelala, babu?" alipiga kelele yule mtu. "Au unaendesha kwa kunusa?"

Eusebio alivuta breki ya mkono.

"Kosa langu," Chano alisema. "Sikukwambia. Mimi nikifika njia panda hushusha kioo."

"Unashusha kioo."

"Ndiyo, ili nione. Kila mtu hufanya hivyo, shemeji."

"Yaani unanunua kioo kisichoonyesha, halafu unakifungua upate kuona, na jua linaingia. Chano, ng'ombe wa shamba hili wana mpango bora kuliko huo."

Lakini Chano alikuwa na mdomo, na kabla ya chakula cha mchana Araceli, binti wa pekee wa Eusebio na Delfina, karani wa shule ya msingi, alikuwa mezani kwao na fomu nyingine: ya kumrudisha mama yake kwenye lile basi.

"Baba, ukiweka giza, utaua mtu alfajiri. Usipoweka, jua litakula uso wako. Hakuna njia ya tatu. Saini. Wanaitaka kabla ya tarehe ishirini."

"Nitasaini nikishindwa."

"Wewe umewahi kukubali umeshindwa lini?"

"Mwaka wa tisini na moja," Delfina alisema kutoka kwenye kiti chake. "Kwa nusu saa."

Eusebio alitoka akasimama uani karibu na gari lake, Buick ya kijani. Alikuwa amezoea kuwadharau watu wengine, na siku hiyo dharau yote ilirudi kwake mwenyewe. Alikuwa ametaka kununua giza kama Chano! Aliingia chumbani, akatoa daftari la shule ya usiku, akatafuta mpaka akapata ukurasa. Kwa mwandiko wake mwenyewe, miaka arobaini iliyopita, alikuwa ameandika kwamba miale inayounguza ngozi haionekani kwa macho. Kama haionekani, basi jicho halina haki ya kuihukumu. Weusi wa plastiki haukumwambia lolote.

Alirudi kwa Lindqvist.

"Nataka vipande, ukubwa wa karata. Nyeusi yako kuliko zote, ya wastani, na kama unayo, isiyo na rangi kabisa."

Lindqvist alikuna ndevu. "Ipo. Iko kabatini. Inazuia miale, inapunguza na joto, ila hakuna anayeinunua. Wananiambia, nilipie kitu nisichokiona?"

"Na hao ndio wateja wako."

"Ndio hao."

"Pole sana," Eusebio alisema, na kwa mara ya kwanza alimaanisha.

Kipande cha nne alikikata kwenye masalio ya tinti ya Chano, bidhaa ya gulio la Jumamosi. Akanunua karatasi nyekundu ya watoto ya kuchorea, akaibandika ndani ya kioo cha kushoto cha mlango wa nyuma wa Buick, na kati ya karatasi na kioo akapachika vile vipande vinne. Sehemu ya tano aliiacha tupu. Kila moja aliipa namba kwa kalamu. Gari akaligeuza upande huo utazame kusini, akaliacha juani siku kumi na mbili za mwezi wa sita, isipokuwa saa za kliniki, ambapo karatasi ilibaki mahali pake, naye alijifunga kitambaa usoni na kuendesha kama jambazi wa zamani.

Chano alipita akipiga honi. "Shemeji! Umefungua chekechea?"

"Ndiyo. Nafasi yako ipo."

Siku ya kumi na mbili aliwaita wote uani. Alibandua karatasi, akaiweka juu ya boneti. Sehemu tupu ilikuwa imepauka, pinki ya kusikitisha kama shuka la hospitali. Chini ya kipande cheusi cha Lindqvist, wekundu ulikuwepo. Chini ya kile cha wastani, ulikuwepo. Chini ya kile kisicho na rangi, ulikuwepo pia.

"Huu umefifia kidogo kuliko wa kile cheusi," Eusebio alisema, kidole juu yake. "Sitaki mtu aje aseme nimeficha. Mwanga wa kawaida nao hufifisha karatasi. Lakini angalieni hapa, halafu angalieni patupu."

"Na namba nne?" Araceli aliuliza.

Namba nne, kile kipande cha Chano, ilikuwa pinki ileile ya patupu.

Chano aliinama. Alitazama muda mrefu, kisha akaanza kuusugua mkono wake wa kushoto, ule anaouegemeza dirishani. "Lakini ni nyeusi," alisema.

"Hata soksi ni nyeusi."

Araceli hakucheka. "Karatasi haiendeshi gari, Baba. Nataka kuiona alfajiri."

Lindqvist aliibandika ile isiyo na rangi siku hiyohiyo, akaisugua mpaka hakuna kiputo, na hata yeye ilibidi aguse kioo kwa ukucha kuhakikisha ipo. Ile fomu ya juu ya friji Eusebio aliichana vipande viwili.

Alfajiri iliyofuata Araceli alikaa mbele, Delfina nyuma na mto wake. Kwenye njia panda ya mashamba Eusebio alisimama, akatazama kushoto, kioo kikiwa kimefungwa. Mbali kule, ukingoni mwa mfereji, aliona koleo kwanza, kisha bega, kisha buti. Alingoja. Mmwagiliaji akavuka kwa raha zake, akainua mkono kumshukuru dereva asiyemjua.

Waliporudi saa nne, jua limekaa upande wa dereva na kioo bado kimefungwa, Delfina alikuwa amelala, mdomo wazi, rangi yake ya kawaida usoni.

"Haya," Araceli alisema taratibu. "Waandikie."

Eusebio aliandika mezani, kwa wino, herufi moja moja. Aliwaambia wenye basi kwamba fomu yao anairudisha bila saini; kwamba nafasi ya mke wake wampe mtu asiye na dereva, kwa kuwa yeye anaye; na kwamba ratiba inayomzungusha mgonjwa kwa muda wa saa nne nzima kwa safari ya dakika arobaini ilipangwa na mtu ambaye hajawahi kuugua wala kutazama ramani.

Alimsomea Delfina.

"Ongeza salamu," Delfina alisema.

"Hawastahili."

"Yule dereva alikuwa akinishika mkono kupanda. Kila siku, Eusebio."

Alikaa na kalamu hewani. Kisha akaandika chini kabisa: *Salamu kwa dereva. Kwa dereva peke yake.*

Akaikunja, akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi. Alibandika stempu ikiwa imenyooka, akatoka na kofia yake mpaka kwenye sanduku la barua barabarani, akaitia ndani, akainua kibendera chekundu cha kumjulisha tarishi kuwa kuna barua ya kuchukua.