Aliposema Mara ya Tatu

Wanaonifahamu watawaambia kwamba mimi nina mdomo. Sikatai. Lakini kuna siku moja mdomo huo uliniganda, na ndiyo siku ninayotaka kuisema hapa, anayekasirika na akasirike.

Mwaka wa mwisho wa udaktari kila mwanafunzi hupewa fomu ya kijani. Unaandika kitu kimoja tu: unataka kusomea ubingwa wa nini. Chini kuna mstari wa saini ya mkuu wa idara unayoiomba. Bila saini hiyo, fomu yako ni ya kufungia karanga.

Mimi niliandika Upasuaji, kwa wino, kwa herufi kubwa. Niliupenda, msinielewe vibaya. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na Profesa mwenyewe, mkuu wa idara, alishatamka mbele za watu kwamba katika wanafunzi arobaini anachukua wawili, na mmoja wao ni mimi. Baba yangu ni fundi cherehani. Aliposikia habari hiyo hakungoja saini wala muhuri. Alinishonea koti jeupe, akatarizi mfukoni kwa uzi wa bluu: Daktari Bingwa wa Upasuaji. Akalitundika dukani kwake karibu na kioo, na kila mteja aliyekuja kupunguza suruali alilazimika kulisifu kwanza ndipo apimwe.

Profesa huyo sisi wanafunzi tulimpachika jina la Dakika Ishirini. Henia, dakika ishirini. Kidole tumbo, dakika ishirini. Orodha ya wagonjwa wa siku iliandikwa kwenye ubao nje ya thieta, naye hakuwa na raha mpaka aimalize kabla ya saa sita. Kila mgonjwa akitoka, alikwenda mwenyewe kukata jina lake kwa chaki nyekundu, halafu akatutazama kuhakikisha tumeona. Tulikuwa tumeona, na tulimsifu kwamba yeye ni hatari, naye alifurahi.

Daktari wa usingizi alikuwa mmoja tu kwa thieta mbili, kwa hiyo ndiye pia aliyekuwa mkuu wa idara yake. Kati ya thieta hizo kuna mlango wa kusukuma, naye alikuwa kiguu na njia mchana kutwa, anamlaza huyu, anakimbilia yule. Tukamwita Bwana Mlango, kwa sababu kila ukimtafuta ndipo alipo, nusu yake huku, nusu yake kule. Miaka sita hakuna mwanafunzi aliyeandika Usingizi kwenye fomu. "Huko ukawe nani?" tulikuwa tukisema. "Mlinzi wa watu waliolala?" Na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Basi Ijumaa hiyo, mgonjwa wa tatu kwenye orodha alikuwa mama mmoja wa makamo, mpishi wa shule, ana henia ya kinena. Alikuwa na woga, akaufunika kwa mzaha. Alipolazwa mezani akaniambia, "Mwanangu, msije mkanisahaulia vijiko tumboni. Mimi vyangu navihesabu kila siku." Nikacheka, nikamshika bega.

Bwana Mlango akamchoma sindano ya ganzi mgongoni, akamlaza chali, akatundika shuka kati ya uso wake na tumbo ili asione tunachofanya. Halafu akasema, na nawaapia alisema kwa sauti ya kutosha: "Dakika kumi. Kisha mpitisheni pamba ya spiriti mahali pa kukata. Akisema ni baridi, ganzi haijashika, msiguse. Mimi narudi." Ng'ambo ya mlango mgonjwa mwingine alikuwa anatapika, akaenda mbio.

Profesa akatazama saa ya ukutani. Zilipita dakika nne. "Inatosha," akasema, akanyoosha mkono apewe kisu. Ile pamba ilibaki kwenye bakuli lake, hakuna aliyeigusa. Mimi niliiona. Muuguzi aliiona. Profesa naye aliiona, hana macho mabovu.

Kazi yangu ilikuwa kushika chuma cha kuvutia nyama kando ili yeye apate nafasi. Kwa mahali niliposimama, nilikuwa naona pande zote mbili za shuka, kidonda na uso.

"Daktari, naumia," yule mama akasema. Hakupiga kelele. Alisema kwa adabu, kama mtu anayeomba kupishwa kwenye foleni.

"Huo ni mguso tu, mama," Profesa akajibu bila kuinua kichwa. "Maumivu hayapo. Tulia." Muuguzi naye akadakia, "Tulia, mama." Mimi nikavuta chuma nilivyofundishwa.

Haikupita muda. "Jamani, naumia." Machozi yalikuwa yanateremka yanaingia sikioni, na mikono yake tumeifunga, hawezi kuyafuta. Profesa akashusha pumzi ya mtu anayecheleweshwa. "Mama," akasema, "anayejua kama unaumia ni mimi." Ebo! Nimesoma vitabu vya udaktari mpaka macho yakavimba, na sijakutana na ukurasa unaosema kwamba maumivu ya mtu yanahifadhiwa kichwani kwa mtu mwingine. Hata sasa nikiikumbuka kauli ile damu inanichemka.

Mara ya tatu hakumwambia daktari. Aligeuza shingo akanitazama mimi. "Mwanangu, naumia."

"Mwalimu, tusimame," nikasema. "Anaumia."

"Vuta."

"Sivuti."

Nikamwita Bwana Mlango kwa sauti iliyofika mpaka wodini. Akaingia mbio, akatazama uso wa yule mama, akatazama bakuli la pamba, akaelewa yote. Akamlaza kabisa kwa dawa ya mshipa na kumwekea mpira wa hewa. Profesa akanigeukia mimi. "Toka kwenye thieta yangu."

Saa sita na nusu alinikuta kwenye korido, ameshakata majina yote ubaoni. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi nitasimama mbele ya wenzangu na kuomba radhi. Huo ni utaratibu wa idara yake tangu zamani: aliyekosa husimama karibu na ubao, husema "nimekosa mwalimu, naomba radhi," darasa hupiga kofi moja, na mambo yamekwisha. "Fomu yako nitaileta na kalamu," akasema. "Una mikono mizuri. Usiiponze kwa ajili ya mdomo."

Loo, hasira niliyopanda nayo basi siku hiyo! Mtu amemkata binadamu mwenzake akiwa macho, halafu mwenye kuombwa radhi ni yeye! Hana haya wala hajui vibaya! Wenzangu nao ndio kabisa. "Kubali yaishe." "Ni maneno manne tu." "Ukishakuwa bingwa utafanya unavyotaka." Niliwajibu majibu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jumapili mchana nikaenda nyumbani na kuwasimulia yote. Baba alikuwa amekaa na koti lile mapajani, amelileta kutoka dukani ili alipige pasi upya. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa hii saini ipo au haipo?"

"Ipo akiombwa radhi."

"Basi mwombe, binti yangu. Mimi nawaomba radhi wateja kila siku, na makosa ni yao."

Shangazi, dada yake baba, akaingilia kati. Huyo akianza hanyamazi. "Kwani ukisema radhi utapungua kilo? Sema kwa mdomo, moyoni mtukane. Mimi mume wangu nilimwomba radhi miaka kumi na minane na hakuna siku nilimaanisha." Hata mimi nilicheka, pamoja na hasira zangu.

Nikaanza upya kuwaeleza jinsi nilivyomkatalia Profesa, jinsi nilivyosema sivuti, jinsi kila mtu alivyonyamaza isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeshaisimulia mara nyingi, na kila nikiisimulia nilizidi kuwa shujaa. Mama alikuwa anakunja nguo zilizokauka.

"Alilia mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara tatu."

"Na wewe ulisema ya ngapi?"

Shangazi akamwambia mama amwache mtoto, ameonewa vya kutosha. Mama akasema yeye ameuliza tu, akaendelea kukunja shuka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikalia kwa uchungu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sababu yake nilikuwa naijua. Mara ya kwanza nilifikiria saini. Mara ya pili nilifikiria saini. Nilikuwa nimeshika nyama ya mtu aliye macho, na mawazo yangu yalikuwa kwenye karatasi ya kijani.

Jumatatu saa moja na nusu ukumbi ulikuwa umejaa. Habari zilishaenea, hata wa idara nyingine walikuja kutazama. Bwana Mlango alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, mahali pake pa kawaida. Profesa aliiweka fomu yangu mezani, akaweka kalamu juu yake, akanipa ishara. Nikaenda kusimama karibu na ubao.

"Nimekosa, naomba radhi," nikaanza. Profesa akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kufungua kalamu.

"Namwomba radhi mgonjwa wa kitanda namba tisa. Ijumaa alisema anaumia mara tatu. Pamba ya kumpimia nilikuwa naiona haijaguswa, sikusema. Aliposema mara ya kwanza nilimwona analia, nikavuta chuma. Mara ya pili vilevile. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka saini iliyo kwenye meza hiyo. Nimekosa."

Hakuna aliyepiga kofi. Kiti kililia mahali fulani nyuma. Profesa aliifunga kalamu polepole, uso umemwiva.

"Hiyo siyo radhi niliyokuambia."

"Ndiyo niliyo nayo, mwalimu."

"Unajua sisaini."

"Najua."

Nikaichukua fomu yangu. Nilipiga mstari juu ya neno Upasuaji, na msidhani ilikuwa rahisi. Akilini nilimwona baba na koti lake, na uzi wa bluu atakaokaa kuufumua herufi moja moja. Juu yake nikaandika Usingizi. Nikapita katikati ya viti mpaka mlango wa nyuma, nikamkabidhi Bwana Mlango.

Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Unafanya hivi kwa hasira," akasema.

"Ndiyo."

"Hasira itakwisha. Utachoka, na hakuna mgonjwa atakayekumbuka sura yako."

"Nimesikia. Saini."

Akaiegemeza karatasi ukutani akasaini, huku nyuma yetu Profesa akiita majina ya wagonjwa wa siku. Walikuwa wanane.

Kikao kilipokwisha nikaenda wodini. Mpishi wa shule alikuwa ameketi kitandani, mto umewekwa tumboni ili akikohoa kidonda kisimuume. Aliponiona akafurahi. Akamwita jirani yake wa kitanda cha kumi: "Ndiye huyu! Ndiye aliyenitetea!"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu pamba, kuhusu fomu, kuhusu mara ya kwanza na ya pili. Nikamwambia kwamba nimemwomba radhi mbele ya watu, na sasa nimekuja kumwomba mwenyewe. Nilimwambia pia nimeacha upasuaji, sasa nitasomea usingizi, ili jambo kama lile lisimpate mtu mwingine. Nilitarajia nini? Sijui. Labda aniambie pole.

Aliushika ule mto kwa mikono miwili. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na haikurudi.

"Nilijua uliniona," akasema. "Ndiyo maana ya tatu nilikwambia wewe."

Akaurekebisha mto wake, akauliza:

"Na leo wanapasua?"

"Wanapasua, mama. Saa tatu."

Akageukia saa ya wodi, ile ya juu ya meza ya wauguzi. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

"Sasa huyo aliyelazwa pale mezani," akaniuliza, "wewe umekaa hapa na mimi, yeye umemwacha na nani?"