Njia ya Ng'ombe Kwenye Simu ya Lekakeny

"Kama hamna ushahidi, njia ya ng'ombe inafungwa leo," alisema meneja wa mwekezaji, akifunga begi lake na kuinuka.

Ahadi yake ya mwaka jana niliikumbuka neno kwa neno. Lakini tangu shamba la mkonge linalopitiwa na njia hiyo libinafsishwe, kumbukumbu zetu wanazicheka. Lekakeny, katibu wa wafugaji, alitafuta rekodi ya "mkutano" kwenye simu yake. Hakuna kitu.

"Uliihifadhi kwa jina gani, bwana?" nikafoka.

"Mimi napanga kwa jina la ng'ombe aliyezaa siku hiyo. Siku ile alizaa nani vile?" Akateremsha orodha kwa kidole. "Yule wa madoa! Hii hapa."

Akabonyeza. Sauti ya meneja ikatoka: "Njia itabaki wazi, nawaahidi."

"Rudi ukae, mheshimiwa," nikasema. "Hatujamaliza."